Mafuriko ya Galu: Maji yasiyotoka mtoni

Galu ni sehemu ya ufuo wa Kaunti ya Kwale iliyo kusini mwa Diani, jirani ya Kinondo. Mto Mwachema uko mbali kaskazini, upande wa Tiwi, nao Mkurumudzi hushuka kutoka milima ya Shimba na kumwaga maji yake kusini, katika ghuba ya Gazi. Kwa sababu hiyo, ramani ya mafuriko inayochorwa kwa kufuata kingo za mito itaionyesha Galu kuwa mahali pakavu. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwani maji yanayoisumbua Galu ni ya mvua iliyonyesha papo hapo au nyuma kidogo ya ufuo, ikakosa pa kwenda.

Ukanda wa pwani hapa ni tambarare nyembamba, na sehemu yake kubwa haifiki mita 30 juu ya usawa wa bahari. Karibu na ufuo, ardhi ni mwamba wa matumbawe ya kale wenye nyufa na mapango. Nyuma yake kuna mchanga, na penginepo udongo mzito usionyonya maji upesi. Tangu zamani mvua ya masika, ambayo pwani hufikia kilele chake aghalabu mwezi Mei, ilijikusanya katika mabonde madogo yasiyo na jina, ikadidimia polepole au ikajitafutia upenyo hadi baharini. Mabonde hayo wakati wa kiangazi hayaonekani kuwa njia ya maji. Huonekana kuwa ploti.

Utalii ulipopanuka kutoka Diani kuelekea kusini, ploti hizo ziliuzwa na kujengwa. Ukuta wa mawe uliozingira nyumba ya kifahari humlinda mwenyewe, lakini ukikata bonde huwa bwawa kwa jirani wa nyuma. Barabara iliyoinuliwa bila kalvati za kutosha hufanya vivyo hivyo. Si haki kumlaumu mkazi wa bara ya barabara kwa kujenga bondeni, ilhali bonde lenyewe lilifungwa baada yake na mtu mwingine.

Ramani zilizopo hazisaidii sana. Ramani rasmi za mwinuko za Kenya, za kipimo cha 1:50,000, hazikukusudiwa kuonyesha shimo la nusu mita kati ya nyumba mbili. Data ya mwinuko iliyokusanywa na chombo cha anga za juu cha Marekani Februari 2000, na ambayo watafiti wengi huitumia, hupima ardhi kwa vipande vya takriban mita 30, na huweza kukosea kimo kwa mita kadhaa. Kwa bonde la mto yatosha. Kwa Galu ni sawa na kupima chumvi kwa mizani ya magunia.

Njia bora zaidi ilikwisha kujaribiwa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, Tandale ukiwa mmojawapo, kutembea kwa miguu wakiandika mitaro, vijia na majengo, kisha taarifa zikawekwa katika ramani ya OpenStreetMap iliyo wazi kwa yeyote. Galu ni ndogo kuliko hapo. Kinachohitajika ni kuuliza nyumba kwa nyumba maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za 1997 na za mwishoni mwa 2023: kifundoni, gotini au kiunoni? Alama hiyo ikitiwa ukutani na kupimwa, huwa data. Ramani hiyo nayo huchakaa kila ukuta mpya unapojengwa, hivyo yafaa ipitiwe kabla ya kila masika.

Wajibu haujajificha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi serikali ya kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na upangaji wa matumizi ya ardhi na udhibiti wa majanga. Ramani isiyokuwa mezani mwa afisa anayeidhinisha ujenzi ni pambo tu.

Matayarisho ya wakazi yana mambo mawili yasiyoweza kungoja ramani. La kwanza ni maji ya kunywa. Mwamba wa matumbawe hauchuji uchafu. Choo cha shimo kikifurika, kinyesi hufika kisimani kupitia nyufa. Visima vifunikwe na viinuliwe midomo, na baada ya mafuriko maji yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana maangavu. Vidimbwi navyo huzalisha mbu, na Ukunda na Msambweni zinafahamika kwa homa ya dengue pamoja na malaria.

La pili ni bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji ya bahari hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mtaro unaomwaga ufuoni huweza kuzibwa na maji kujaa. Mvua ileile inayopita salama siku za maji mafu huweza kuingia nyumbani siku za bamvua. Mitaro izibuliwe mapema, na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usomwe sambamba na jedwali la maji kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Wavuvi wa Galu hawalihitaji jedwali hilo. Wao huhesabu siku za mwezi.