Kidevu cha mwanamke na dawa ya malale

Kila mwanamke ana nywele usoni. Nyingi ni vinyweleo laini vya malaika, visivyoonekana mpaka mwanga uvipige kwa upande. Homoni za kiume, ambazo mwili wa mwanamke nao huzitengeneza kwa kiasi kidogo, ndizo zinazovigeuza kuwa nywele nene na nyeusi kidevuni, juu ya mdomo na kandokando ya mashavu. Homoni hizo zikizidi, au mashina ya nywele yakizipokea kwa wepesi, ndevu huota. Baada ya kukoma hedhi, nywele mbili tatu ngumu kidevuni ni jambo la kawaida kabisa, ingawa wenye nazo hudhani wako peke yao.

Katika eneo la Ruti, pembezoni mwa jiji la Mbarara nchini Uganda, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, njia za kuziondoa ni nyingi kama nchi walikotoka watu. Nakivale ilianzishwa 1958 kuwapokea Wanyarwanda, ikatangazwa rasmi 1960, na leo inakaliwa pia na Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na Waeritrea. Mmoja anashika wembe, mwingine kibano, mwingine uzi.

Uzi ndio ufundi mkongwe, uliokomaa Uajemi, Uarabuni na Bara Hindi kabla ya kuzoeleka katika saluni za pwani. Uzi wa pamba husokotwa katikati, ncha moja ikashikwa kwa meno, na vidole vikifunguka na kufumba msokoto hunasa safu nzima ya nywele na kuing'oa na mizizi yake. Sukari iliyochemshwa kwa maji na ndimu mpaka ikawa nta ya kahawia hufanya kazi hiyohiyo kwa mkupuo mmoja. Katika mabafu ya Dola ya Osmani kulikuwa na dawa kali zaidi, chokaa iliyochanganywa na madini ya manjano yenye arseniki. Mwenye kuipaka alitakiwa kuiosha upesi, kwani ikikawia ilikula ngozi.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili suala hili waziwazi kuliko madaktari wengi wa baadaye. Hadithi iliyopokewa na Ibn Mas'ud, ambayo imo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inamlaani mwenye kunyofoa nywele za uso na mwenye kunyofolewa. Tabari, aliyefariki 923, aliichukua kwa upana, akaona mwanamke asiondoe hata ndevu zilizomwotea. Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki 1277, alipinga. Kwake makatazo yalihusu nyusi na pembe za uso, ama ndevu na masharubu ya mwanamke, kuziondoa si haramu bali kunapendeza. Kwa kuwa Wasomali na Waislamu wa pwani kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafii, maneno ya Nawawi ndiyo yaliyo karibu nao.

Karne ya 19 ilileta mashine. Mwaka 1875 Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, alichapisha njia ya kuchoma shina la nywele kwa sindano ya umeme. Alikuwa akitibu kope zinazokua kuelekea ndani ya jicho, lakini watu wa urembo waliona haraka faida yake usoni. Njia hiyo bado ipo na huua shina kabisa, ila ni unywele mmoja kwa mmoja.

Wenye haraka walikimbilia eksirei. Huko Vienna, Leopold Freund aliitumia mwaka 1896 kwa mtoto mwenye baka la nywele mgongoni, na nywele zikadondoka kweli. Miaka ya 1920 daktari wa New York, Albert Geyser, alieneza mtambo wake wa Tricho katika saluni za Marekani, akiahidi nyuso laini bila maumivu. Wateja walipata ngozi iliyokunjamana, vidonda visivyopona na, miaka mingi baadaye, saratani. Katika historia yote ya urembo ni vigumu kupata ahadi iliyolipwa kwa gharama kubwa kuliko hiyo.

Sababu za ndevu zenyewe zilichelewa kuchunguzwa. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake saba waliokuwa na ovari zilizojaa vifuko vidogo, waliokosa hedhi, na baadhi yao wakiwa na nywele nyingi. Hali hiyo sasa inakadiriwa kumpata takribani mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na ndiyo chanzo kikuu cha ndevu zinazoota kupita kiasi. Mwaka 1961 Ferriman na Gallwey walitunga kipimo cha kuhesabu nywele za sehemu mbalimbali za mwili kwa alama, ambacho baada ya kurekebishwa kinatumika hata leo.

Sura ya ajabu zaidi ya historia hii inahusu dawa, na inapita Uganda na Kongo. Eflornithini ilitengenezwa miaka ya 1970 kwa matumaini ya kutibu saratani. Kwa saratani haikufaa kama ilivyotarajiwa, lakini ilionekana kuvidhibiti vimelea vya malale ya aina ya gambiense, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale: rhodesiense, isiyosikia vizuri dawa hii, kusini mashariki, na gambiense kaskazini magharibi, katika maeneo kama Arua, Moyo na Adjumani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi wa gambiense kuliko nchi nyingine yoyote. Ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, dawa iliyokuwapo ilikuwa melarsoprol, yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua takribani wagonjwa watano katika kila mia. Eflornithini iliwaamsha watu waliokuwa mahututi, wakaipa jina la dawa ya ufufuo.

Ikaidhinishwa Marekani mwaka 1990, kisha katikati ya muongo huo utengenezaji ukasimama kwa kuwa wagonjwa wa malale hawakuwa na fedha. Kilichoirudisha ni masharubu ya wanawake wa nchi tajiri. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya ambacho mashina ya nywele yanakihitaji ili yakue, na mwaka 2000 Marekani iliidhinisha krimu yake ya kupaka usoni, Vaniqa, iliyotokana na ushirika wa Bristol-Myers Squibb na Gillette. Malighafi ikawa inatengenezwa tena, kwa ajili ya videvu. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walishinikiza, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubali kutoa dawa za malale bure na kuchangia dola milioni 25 kwa miaka mitano. Mgonjwa alihitaji dripu nne kwa siku kwa siku 14. Mwaka 2009 tiba ya kuichanganya na nifurtimox ilizipunguza dripu kutoka 56 hadi 14, na mwaka 2018 vidonge vya fexinidazole viliidhinishwa, vikawatoa wagonjwa wengi kwenye dripu. Mwaka 2022 Uganda ilithibitishwa kuwa imeiondoa gambiense kama tatizo la afya ya jamii.

Krimu yenyewe haing'oi nywele, huzipunguzia kasi tu, na mtu akiiacha hurudi baada ya wiki kama nane. Kwa wengi, wembe unabaki kuwa njia ya kwanza. Imani kwamba unanenepesha nywele ilipingwa na vipimo vya Mildred Trotter mwaka 1928, huko huko St. Louis. Tatizo la wembe kwa Mwafrika ni jingine: unywele uliojikunja hukua kurudi ndani ya ngozi, ukaacha vipele na madoa meusi. Kuyafuta madoa hayo baadhi hupaka mkorogo, na mkorogo wenye steroidi huweza kuotesha nywele zaidi usoni.

Leza ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1995. Kwa ngozi nyeusi, ile ya Nd:YAG ndiyo salama zaidi, kwani mwanga wake hupita chini ya rangi ya ngozi bila kuiunguza. Ndevu zinazoambatana na kupotea kwa hedhi, na hasa zinazoota ghafla huku sauti ikiwa nzito, ni za kupelekwa hospitali kabla ya saluni, maana huenda kuna uvimbe kwenye ovari au tezi zilizo juu ya figo. Pasipo uvimbe, vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo huanza kutolewa, na spironolactone huongezwa ikihitajika. Unywele hukua kwa mizunguko, kwa hiyo tiba hizo hupewa miezi sita kabla ya kuamuliwa kama zimefaa.