Kabla ya Ndege Kulikuwa na Ngamia: Ihramu ya Angani Ilianzia Wapi?

Msimu wa Hija ukikaribia, maswali huwa ni yale yale kila mwaka. Ihramu tuivalie nyumbani au ndani ya ndege? Nikipitiwa na usingizi je? Na yule aliyeambiwa asubiri mpaka ashuke Jedda, Hija yake imo au haimo? Kila mtu ana jibu lake, na kila jibu lina sheikh wake. Watu wanafika mpaka kununiana.

Leo tuache kuzozana kidogo, tuangalie haya majibu yalitoka wapi. Maana wengi wetu tunadhani fatwa za ndege ni mambo mapya, yamebuniwa juzi baada ya wazungu kurusha ndege. Kumbe swali lenyewe ni la zamani mno. Lilianza kuulizwa na watu waliopanda ngamia.

MIPAKA YA MAKKA

Tuanze na msingi. Mtume (S.A.W.) aliweka vituo kuizunguka Makka, vinaitwa mikati. Anayekwenda kwa nia ya Hija au Umra hapiti hapo mpaka awe ameingia katika ihramu. Watu wa Madina walipewa Dhul-Hulayfa, iliyo zaidi ya kilomita 400 kutoka Makka. Watu wa Sham walipewa Juhfa, watu wa Najd wakapewa Qarn al-Manazil, na watu wa Yemen wakapewa Yalamlam. Na hadithi ikaongeza jambo kubwa: vituo hivyo ni vya wenyeji wa pande hizo na vya kila mgeni atakayepitia njia hizo. Ndiyo maana mtu wa Kigoma au Lamu, ambaye nchi yake haikutajwa popote, naye ana mikati yake. Anafuata njia aliyopita.

Hapa kuna kosa moja la kusahihisha mapema. Ihramu si zile shuka mbili nyeupe. Shuka ni vazi la mwanamume aliyeingia katika ihramu. Ihramu yenyewe ni nia, na talbiya ikafuatia. Mtu anaweza kuvaa shuka tangu Dar es Salaam akakaa nazo saa sita bila kuwa na ihramu, kwa sababu hajanuia. Kumbuka hili, tutalirudia.

SWALI LA WATU WA IRAKI

Sasa basi. Baada ya Mtume kufariki, dola ya Kiislamu ikapanuka. Katika ukhalifa wa Omar bin Khattab, miaka ya 630, Iraki ikafunguliwa, ikajengwa miji ya Basra na Kufa. Wakazi wake wakataka kwenda Hija. Bukhari anasimulia kwamba walimwendea Omar na shida yao: mikati ya upande wetu ni Qarn, lakini haiko njiani kwetu. Tukitaka kuipitia ni lazima tuzunguke, na ni taabu.

Msafara wa ngamia kuzunguka jangwani si jambo la mchezo. Ni maji, ni siku za ziada, ni maisha ya watu na wanyama. Omar hakuwaambia "vumilieni, ndiyo dini". Vilevile hakuwaambia "basi, nyinyi hamna mikati, ingieni tu". Aliwaambia watazame katika njia yao wenyewe mahali palipo mkabala na Qarn. Akawawekea Dhat Irq. (Ipo pia riwaya kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeitaja Dhat Irq, na wanavyuoni wamelijadili hilo kwa kirefu.)

Neno la kushika hapo ni "mkabala". Yaani kama njia yako haikanyagi mikati, unatafuta pale unapokuwa sambamba nayo, na hapo ndipo mpaka wako. Hilo jibu alipewa mtu wa ngamia, lakini ndilo linalotangazwa leo na rubani akiwa futi 35,000 angani.

WAZEE WETU WA BAHARINI

Kabla hatujafika kwenye ndege tupitie baharini, maana huko ndiko walikopita wazee wa pwani yetu. Kutoka Lamu, Mombasa na Unguja watu walipanda jahazi, baadaye meli, wakaenda kaskazini, wakaingia Bahari ya Shamu mpaka Jedda. Njiani chombo kinapita mkabala na Yalamlam, lakini Yalamlam yenyewe iko nchi kavu, haionekani. Swali likarudi vilevile: tunuie hapa katikati ya maji, au tusubiri tushuke?

Hapa wanavyuoni waligawanyika, na inafaa tujue waligawanyika kwa sababu zipi. Baadhi ya Wamaliki waliwahurumia wasafiri wa Bahari ya Shamu kwa sababu ya upepo. Mtu akinuia baharini, kisha upepo ukakirudisha chombo kilikotoka, atabaki katika ihramu muda mrefu asijue atafika lini. Kwa hiyo wakamruhusu angoje mpaka afike nchi kavu.

Kwa Mashafi, ambao ndio madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, mjadala ulikuwa mkali zaidi. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya 16 aliyeishi Makka, alisema katika kitabu chake cha Tuhfa kwamba anayetoka Yemen kwa bahari anaweza kuchelewesha ihramu mpaka Jedda. Hoja yake ilikuwa ya masafa: kutoka Jedda mpaka Makka ni sawa na kutoka Yalamlam mpaka Makka, safari ya marhala mbili. Wenzake wengine wa madhehebu hayo hayo walimkatalia, wakasema masafa si sawa, Jedda iko karibu zaidi.

Mnaona wadau? Huu ubishi wa "tuvalie Jedda au tusivalie Jedda" haukuanza na mashirika ya ndege. Una zaidi ya miaka 400. Na Tuhfa si kitabu kigeni kwetu, maana ni miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa sana na wanavyuoni wa Kishafi. Kwa hiyo ukimkuta mzee wa pwani anasema ihramu ya Jedda inafaa, usikimbilie kumwita mjinga. Huenda amebeba kauli ya zamani ya baharini akaiingiza kwenye ndege.

NDEGE INAPITA DAKIKA MOJA

Mwaka 1945 Rais Roosevelt wa Marekani alimpa Mfalme Abdulaziz wa Saudi Arabia zawadi ya ndege aina ya DC-3. Usafiri wa anga wa nchi ile ukakua kuanzia hapo, na mwaka 1981 ukafunguliwa uwanja mpya wa Jedda wenye jengo maalumu la mahujaji, lile la mapaa yanayofanana na mahema. Meli zikapungua mpaka zikakaribia kusahaulika. Safari ya wiki kadhaa ikawa ya saa chache.

Hapo ndipo tatizo lilipobadilika sura. Msafara wa ngamia ukifika mikati unapumzika. Watu wanaoga, wanabadili nguo, wanasali, wananuia. Ndege inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, yaani kilomita 15 kila dakika. Ukisinzia dakika 20 tu, umepita kilomita 300. Mkabala wa mikati hauna kibao, hauna msikiti, na huwezi kumwambia rubani "shusha".

Wakatokea wanavyuoni wakubwa wa karne ya 20, mmoja wao kiongozi wa mahakama za sharia Qatar, waliosema abiria wa ndege anuie Jedda. Hoja zao si za kubeza. Walisema mikati ziliwekwa kwa watu wanaopita ardhini, na aliye angani hawezi kusemwa amefika mahali kwa sababu tu kipo chini yake. Kituo chake cha kwanza ni pale anaposhuka. Wakaongeza kwamba dini imekuja na wepesi.

Upande wa pili ukajibu kwa kanuni ya fiqhi: hewa iliyo juu ya kitu inafuata hukumu ya kitu chenyewe. Ukiwa na kiwanja, jirani hawezi kujenga roshani ikaning'inia juu ya ua wako kisha akasema sijagusa ardhi yako. Na anayesali juu ya mlima au ghorofani Makka anaelekea anga ya Kaaba, sala yake inasihi. Basi aliyepita juu ya mikati amepita mikati. Na asiyepita juu yake kabisa anayo ile fatwa ya Omar ya mkabala.

Oktoba 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu (OIC) lilikutana Amman, Jordan, na suala hili lilikuwa mezani. Likaamua kwamba wajao kwa ndege na kwa meli wanapaswa kuingia katika ihramu wanapokuwa mkabala na mikati. Huo ndio msimamo wa wanavyuoni walio wengi leo, na ndiyo sababu ya tangazo linalosikika ndani ya ndege.

KWA NINI HILI LINAUMA

Anayesema "haya ni mambo madogo" hajawahi kuona mtu mzima akilia Jedda. Kwa kauli ya wengi, aliyepita mikati bila ihramu hali anataka Hija au Umra ana njia mbili: arudi mikati akanuie, au achinje mnyama Makka na nyama wapewe maskini. Sasa fikiria mama aliyeweka akiba ya karafuu au ya mama lishe miaka kumi. Anashuka, anaambiwa na mwenzake "Hija yako imeharibika". Hilo la kuharibika si kweli. Hija yake ipo, ana fidia ya kutoa basi. Lakini nani atamwambia kwa upole, na pesa ya fidia aliipangia bajeti?

Ndiyo maana nasema historia hii ina faida. Anayejua kwamba Omar aliwatafutia watu njia nyepesi bila kuufuta mpaka, hamtishi mwenzake. Anamsaidia kabla hajakosea.

Na msaada wenyewe ni mdogo tu. Mwanamume avae shuka nyumbani au uwanja wa ndege, kisha anuie angani. Kunuia mapema kidogo kabla ya mkabala kunasihi, na ni salama kuliko kuchelewa. Wanaopitia Dubai au Doha huja kutoka mashariki kupitia upande wa Taif, iliko Qarn al-Manazil, hivyo wasilale mwisho wa safari. Wanaoanza Madina hawana haja ya ihramu ndani ya ndege, mikati yao ni Dhul-Hulayfa wakitoka Madina kwenda Makka. Aliyesahau shuka kwenye begi kubwa asikate tamaa: ipo hadithi inayomruhusu asiyepata shuka ya chini avae suruali, basi avue shati na anuie. Na mama aliye katika hedhi ananuia kama wengine, anachosubiri ni kutufu.

SALA NAYO ILIPITA NJIA HIYO HIYO

Hata sala ya ndani ya ndege haikuanza na ndege. Wapo waliouliza: sijida si lazima iwe ardhini? Ndege imeelea, haikugusa kitu. Majibu yakatafutwa kwenye sala ya melini, na vitabu vya Kishafi vilikuwa vimeshajadili hata sala ya mtu aliye kwenye pembea iliyofungwa kwa kamba. Na saumu vilevile, unafuturu kwa jua unaloliona wewe hapo ulipo angani, si kwa saa ya mji ulio chini yako. Mwaka 2011 wanavyuoni wa Dubai waliwaambia wakazi wa ghorofa za juu sana za Burj Khalifa wangoje dakika mbili, na wa juu zaidi dakika tatu, kwa sababu kule juu jua linachelewa kuzama. Mantiki ni ile ile.

Kwa hiyo wadau, ukisikia rubani anatangaza kwamba mkabala wa mikati unakaribia, ujue hilo tangazo lina karibu miaka 1,400. Waliolitafuta kwanza walikuwa wamechoka, ngamia wao wana kiu, na walitaka tu kufika Makka bila kuvunja amri. Mwenye mzee wake aliyewahi kwenda Hija kwa meli, amuulize walinuia wapi. Mkifanya haraka mtapata jibu, maana wanazidi kupungua. Na wanaosafiri mwaka huu, Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awakubalie.