Maji Yanapwa Saa Ngapi?

Bibi yangu alikuja Stockholm mara moja tu, kiangazi cha 2011. Tukampeleka Nynäshamn akaione bahari. Alisimama kwenye mawe, akatazama maji kwa muda, halafu akauliza: “Hapa maji yanapwa saa ngapi?”

Tukatazamana. Mimi na shahada yangu ya uhandisi sikuwa na jibu.

Kumbe hayapwi, au tuseme hayapwi kiasi cha mtu kuona. Bahari ya Baltiki imeungana na bahari kuu kwa njia nyembamba sana, kwa hiyo maji yake hupanda na kushuka sentimita chache tu. Kwao Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti hufika karibu mita 4. Siku za katikati, bahari ikiwa haiendi mbali, wanaita maji mafu. Bibi alikuwa anatazama mwezi tu, anajua kesho atoke saa ngapi kwenda kuokota chaza.

Baada ya kipindi chetu cha umeme, wengi mliuliza: kwa nini Zanzibar isitumie nguvu hiyo? Kabla ya kujibu, hebu turudi 1980.

Tarehe 23 Machi mwaka ule, Waswidi walipiga kura ya maoni kuhusu nyuklia. Bei ya mafuta ilishapanda vibaya tangu 1973, na 1979 kulitokea ajali ya Three Mile Island, Marekani. Kura zilikuwa na chaguo tatu. Linje 2 ilipata asilimia 39.1, Linje 3 asilimia 38.7. Bunge likaamua mitambo yote izimwe ifikapo 2010. Haikuzimwa yote, mnajua wenyewe: sita inafanya kazi mpaka leo. Lakini watu waliulizwa. Walibishana mezani, kazini, skuli, na jua na upepo vikawa mazungumzo ya kila nyumba.

Mwaka huohuo wa 1980, Unguja iliunganishwa na Tanzania Bara kwa waya wa umeme uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Na huko Bara, kituo kikubwa kuliko vyote kilikuwa Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, megawati 204, kilichojengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na Sweden. Ndiyo, Sweden. Kodi ya jirani yako mzee hapa Farsta huenda ilichangia kuwasha taa Mji Mkongwe.

Ilikuwa neema, sikatai. Ila kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya mmoja, na katika ukoo wetu sijasikia hata mtu mmoja aliyeulizwa anaonaje.

Mei 2008 umeme ukakatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu hazivuti maji, watu wanabeba madumu. Mwenye jenereta anawaka, asiyenayo anarudi kwenye koroboi. Sisi hapa tulikuwa kwenye baridi kali ya theluji, radieta zina moto, na Mama anapiga simu kila usiku kujua kama Bibi amepata maji. Mara nyingi simu ya Bibi ilikuwa imezima chaji.

Waya mpya wa megawati 100 ulifika 2013. Mkubwa zaidi, ndiyo. Lakini bado unatoka ng'ambo.

Sasa turudi kwenye swali lenu. Ufaransa wana kituo cha La Rance tangu 1966, megawati 240, lakini pale maji hupanda hadi mita 13. Mita 4 za Unguja hazitoshi kwa ukuta wa namna ile. Kuna njia nyingine: kutumia mkondo wenyewe. Kampuni ya Minesto ya Göteborg hutengeneza mtambo unaoruka chini ya maji kama tiara, umefungwa kwa kamba kwenye sakafu ya bahari. Mwaka 2024 mmoja wa megawati 1.2 ulianza kutoa umeme visiwa vya Faroe. Waswidi, ambao bahari yao ya Stockholm haipwi, wamekwenda kuitafuta inayopwa.

Sisemi kesho waupeleke Pemba. Jua la Zanzibar huenda likawa rahisi zaidi. Ninachosema ni kwamba safari hii mazungumzo yaanze na watu wanaoijua bahari ile: wavuvi, wakulima wa mwani, kina bibi. Wao wanajua mkondo unakaza wapi na lini.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumuuliza. Wewe kama bado unaye, mpigie wiki hii, umuulize: maji yanapwa saa ngapi leo?