MYSA (Mathare Youth Sports Association)

MYSA ni chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 huko Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, Kenya. Mwanzilishi wake ni Bob Munro, raia wa Kanada. Aliwakuta watoto wakicheza mpira waliojitengenezea wenyewe kwa mifuko ya plastiki na kamba, wakapatana: yeye atasaidia kuandaa ligi, nao watasafisha mtaa.

Mapatano hayo yangali msingi wa chama. Timu inayojitokeza kuzoa taka na kuzibua mitaro huongezewa pointi katika msimamo wa ligi, kwa hiyo kikosi kilicho hodari kwa mabao lakini kivivu kwa usafi hakifiki mbali. Faida kwa afya iko wazi: katika mtaa usio na huduma ya kutosha ya kuzoa taka, mtaro ulioziba ni chanzo cha maradhi ya kuhara, na watoto ndio huumia kwanza.

Wasichana walijiunga mwaka 1992. Mafunzo ya kujikinga na UKIMWI yalianza 1994, yakitolewa na wachezaji walioandaliwa kuwafundisha wenzao. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi ya MYSA, kwani kijana huweza kumwuliza mchezaji mwenzake swali ambalo angelionea haya mbele ya mwalimu au mzazi.

Klabu ya Mathare United, iliyozaliwa na chama hiki, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.