Mhubiri wa Televisheni: Neno na Kejeli Yake

Tarehe 15 Juni 1977, David Mainse alianzisha Toronto kipindi cha kila siku, 100 Huntley Street. Kiingereza huwaita wahubiri wa namna hiyo kwa neno moja, lililounganisha televisheni na injili. Kashfa ya Jim Bakker nchini Marekani, mwaka 1987, ililitia doa, nalo likawapaka hata wasiohusika. Kiswahili husema mhubiri wa televisheni. Hubiri na habari ni ndugu, wa shina moja la Kiarabu: mhubiri, kwa asili, ni mpasha habari. Kejeli haimo humo. Wakenya huiweka kwingine, katika “panda mbegu”, yaani tuma sadaka uvune muujiza. Basi mfasiri aliyeko Toronto, akiandika mhubiri pekee, huwa amemtakasa mshtakiwa.