Udhaifu wa sola mbele ya dhoruba

Udhaifu wa sola mbele ya dhoruba ni hali ya paneli, betri na nyaya za umeme wa jua kuharibiwa kwa urahisi na upepo mkali, radi, mafuriko au mvua ya mawe.

Mfano wa eneo lililo hatarini ni Murangi, kata ya wilaya ya Musoma Vijijini mkoani Mara, Tanzania, iliyo jirani na Ziwa Victoria. Usiku, pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto na kujenga mawingu ya radi. Upepo ukipenya chini ya paneli iliyofungwa juu ya bati, huweza kuing'oa pamoja na bati lake, misumari ikichomoka. Radi nayo si lazima ipige paneli. Ikianguka karibu tu, msukumo wa umeme hupita kwenye waya na kuunguza chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri.

Kuhusu mvua ya mawe, katika jaribio la IEC 61215, kiwango cha kimataifa cha ubora wa paneli, kioo cha paneli hurushiwa barafu yenye kipenyo cha milimita 25. Mawe ya mvua makubwa zaidi ya hayo yalivunja paneli za Scottsbluff, Marekani, Juni 2023.