Aliyepata 20 anaingia kundi gani? Makosa ya kupanga data kwenye makundi

Mwalimu ana alama za wanafunzi 40. Ya chini kabisa ni 12, ya juu 91. Akiziandika moja moja hakuna kinachoeleweka, ila akizipanga kwenye makundi na kuhesabu waliomo kila kundi (idadi hiyo ndiyo huitwa marudio), hali ya darasa inaonekana.

Kwanza anatoa 12 kwenye 91, anapata 79. Hapo anaamua makundi yawe mangapi. Kanuni ya Mmarekani Herbert Sturges ya mwaka 1926 inatoa 6 au 7 kwa data 40, lakini si sheria. Makundi ya kumi kumi, 10–19, 20–29 hadi 90–99, yanakuwa 9 na yanasomeka vizuri tu.

Wengi wanakwama kwenye mipaka. Ukiandika 10–20, halafu 20–30, aliyepata 20 anakwenda wapi? Akihesabiwa kote kote, darasa la watu 40 linakuwa na 41. Na kundi la 10–19 lina upana wa 10, siyo 9, kwa sababu 10 yenyewe imo.

Shida kubwa zaidi ni makundi yasiyolingana upana. Chukua madaraja ya mtihani wa kidato cha nne Tanzania: A ni 75–100, B 65–74, C 45–64, D 30–44, F 0–29. Tuseme darasa hilo lina A 3, B 6, C 12, D 10 na F 9. Haraka haraka utasema wanafunzi wamejazana kwenye C. Kumbe C imebeba alama 20, D 15 tu. Gawanya marudio kwa upana: C inapata 0.6, D karibu 0.67. Waliosongamana zaidi wako D, hatua chache tu juu ya kufeli. B nayo ni 0.6, sawa na C yenye wanafunzi mara mbili yake.

Ndiyo maana kwenye histogramu ya makundi ya aina hii, urefu wa nguzo hutokana na hesabu hiyo, siyo idadi peke yake.

Halafu kuna kinachopotea. Mwenye 45 na mwenye 64 wote ni C, na jedwali haliwatofautishi tena. Wastani nao unabaki wa kukadiria: kila aliye kwenye 10–19 anahesabiwa kana kwamba amepata 14.5. Karatasi ya alama zenyewe isitupwe.